Jina la Babu katika Daftari la Jeshi la Mkoloni

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa mbele ya walimu na wanafunzi wa somo la historia.)



Katikati ya jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo maelfu ya watu hupita kila siku bila kuinua macho, imesimama sanamu ya askari mwenye bunduki na singe. Wakoloni wa Kiingereza waliiweka mwaka 1927, kwa ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maneno yaliyoandikwa chini yake, ambayo yalitungwa na Mwingereza Rudyard Kipling, yanatoa ahadi kubwa: kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ni nzuri masikioni. Lakini zungukeni sanamu ile pande zote nne, mkatafute jina hata moja la askari au la mpagazi. Hamtaliona. Watoto waliambiwa wakumbuke majina, na aliyewaambia hivyo hakuyaandika.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri jambo hilo waziwazi. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na pengine hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Basi, miaka zaidi ya mia moja baada ya vita, kazi ya kuyatafuta majina hayo imetuangukia sisi wajukuu na vitukuu. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tuizungumze leo: jinsi ya kutafuta habari za mzee aliyekuwa askari wa mkoloni, na hasa jinsi ya kusoma habari za makosa na adhabu zake tutakapozikuta.

WAZEE WETU WALIKUWA JESHI GANI?

Swali la kwanza ni hili: mzee alikuwa katika jeshi lipi? Mjerumani alipoitwaa nchi yetu alikuwa na jeshi lake la koloni, ambalo askari wake wa kwanza waliletwa na Wissmann mwaka 1889, wengi wakiwa Wasudani na watu waliotoka Msumbiji. Mwingereza naye aliunda King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya, tarehe 1 Januari 1902. Keya ilianza vita vya 1914 ikiwa na askari kama 2,400 tu, na ilipofika mwisho wa vita hivyo ilikuwa na zaidi ya 30,000. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wametekwa kutoka jeshi la Mjerumani, ambao waliingizwa hasa katika kikosi cha 6. Kwa hiyo msishangae mkisikia kwamba mzee mmoja aliwapigania mabwana wawili, na kwamba mabwana hao walikuwa wakipigana wao kwa wao.

Vita vya Pili vilipokuja, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Walipigana Somalia na Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa. Mwaka 1961 kikosi cha Keya kilichokuwa hapa kikawa Tanganyika Rifles, na mwaka 1964, baada ya maasi ya Januari, likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Pamoja na hao wote tusiwasahau wapagazi. Hao ndio waliobeba risasi na chakula, wakafa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, hapa Dar es Salaam na kule Nairobi, limetokana na jina la jeshi lao. Askari alikuwa na namba na daftari. Mpagazi, mara nyingi, hakuwa na lolote ila hesabu ya vichwa. Anayemtafuta babu aliyekuwa mpagazi hana budi kuegemea zaidi kwenye midomo ya wazee kuliko kwenye karatasi.

ANZENI NYUMBANI

Wengi wakisikia neno utafiti hufikiri habari ya kupanda ndege kwenda Ulaya. La hasha! Utafiti huanzia kwenye sanduku la bibi. Ulizeni kama kuna cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha mshahara, nishani, barua au picha. Kitu cha thamani kuliko vyote katika karatasi hizo ni namba ya jeshi. Jina hubadilika, namba haibadiliki.

Nasema jina hubadilika kwa sababu mwandikishaji wa Kizungu aliandika alivyosikia. Mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa namna tatu au nne, mara kwa jina lake na la baba yake, mara kwa jina lake na la kabila. Wako waliojiandikisha kwa majina ya uongo ili jamaa zao wasiwarudishe. Na kwa kuwa wakoloni walikuwa na imani yao kwamba makabila fulani ndiyo yaliyozaliwa kwa vita, wako pia waliobadili kabila mbele ya meza ya mwandikishaji ili wakubaliwe. Mkikuta babu yenu ameandikwa kabila lisilo lake, msilitupe daftari kwa hasira. Jiulizeni kwanza kama yeye mwenyewe hakuwa na sababu.

Sikilizeni pia maneno ya cheo yaliyobaki katika ukoo. Kama mzee aliitwa ombasha, shaushi, sol au efendi, hiyo ni alama ya kwamba huenda alikuwa askari wa Mjerumani, ingawa Keya ya zamani, iliyokuwa na Wasudani wengi, nayo ilitumia baadhi ya maneno hayo. Kama aliitwa koplo au sajini, basi huyo alikuwa wa Mwingereza. Na mkisikia bibi akitaja "hamsa ishirini" kwa sauti ya chini, jueni anataja viboko ishirini na vitano vya Mjerumani.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai, wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu kati yao walikuwa na vyeti. Basi mlipaji akawapa kila mmoja ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Na hakuna mzee aliyeshindwa. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini kina fundisho: karatasi ilikuwa imepotea, na kumbukumbu ilikuwa bado imo mwilini. Wazee wale hawapo tena. Waliosikia habari kwa vinywa vyao wangalipo, nao hawatakuwapo milele.

KUTOKA NYUMBANI HADI KWENYE HIFADHI

Baada ya nyumbani, nendeni katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, hapa hapa Dar es Salaam. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa huko ni hazina ambayo UNESCO iliitambua mwaka 1997 kuwa sehemu ya kumbukumbu za dunia nzima. Ziko pia nyaraka za wilaya za wakati wa Mwingereza. Msizidharau kwa kuwa si za jeshi. Askari alipotuma sehemu ya mshahara wake kwa mkewe, fedha zilipitia boma. Alipotoroka, mkuu wa wilaya ndiye aliyeandikiwa barua amtafute. Kwa hiyo habari za askari mara nyingi zimelala katika faili la wilaya aliyotoka. Nyaraka za Taifa za Kenya nazo zafaa kutazamwa, kwa sababu makao ya jeshi la Mwingereza kwa Afrika Mashariki yote yalikuwa Nairobi.

Huko Uingereza, hifadhi yao iliyopo Kew, London, ina madaftari ya kila siku ya vikosi vilivyokuwa vitani. Ya Vita vya Kwanza yamo katika fungu liitwalo WO 95, ya Ethiopia yamo katika WO 169, ya Bukini katika WO 174, na ya Burma katika WO 172. Madaftari hayo huonyesha siku kwa siku kikosi kilikuwa wapi, kilipigana na nani, na wangapi walikufa. Mafaili ya mahakama za kijeshi yamo katika WO 71. Lakini mjukuu wa askari wa Keya asitegemee kukuta huko faili binafsi la babu yake, kama mjukuu wa askari wa Kiingereza anavyolikuta la kwake. Hata katika karatasi, mlango wa Mwafrika ulikuwa wa nyuma.

Tena tukumbuke kwamba mkoloni alipoondoka hakuacha kila kitu. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilibainika kwamba maelfu ya mafaili yaliyochukuliwa kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Hivi sasa yamewekwa Kew katika fungu la FCO 141, na ya Tanganyika yamo. Kwa upande wa Ujerumani, mafaili ya wizara yao ya makoloni yako Berlin, lakini nyaraka nyingi mno za jeshi lao ziliteketea kwa mabomu huko Potsdam mwezi Aprili 1945.

Na kama mzee hakurudi, tazameni orodha za Tume ya Makaburi ya Vita, ambazo siku hizi zaweza kusomwa na mtu yeyote kwa simu yake. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa katika ukumbusho wa Rangoon, uliomo katika makaburi ya Taukkyan. Majina ya askari wa Keya yamo ukutani pale. Ziko koo katika nchi hii ambazo mpaka leo hazijui kwamba jina lao limechongwa katika jiwe la nchi ya mbali.

DAFTARI LA MAKOSA

Sasa nafikia jambo ambalo wengi hulikwepa. Mtu aliyetafuta jina la babu yake kwa miaka mitano analipata siku moja, na mbele ya jina anakuta maneno: mtoro, amekataa amri, amelala lindoni, amefungwa siku ishirini na nane. Moyo unaanguka. Wapo wanaolifunga daftari na kuapa kutolitaja tena mbele ya watoto.

Ndugu zangu, kabla hatujaona aibu, tuulize: nani aliyeandika, na kwa sheria gani? Sheria ya jeshi la Uingereza ya 1881 ilikuwa na kifungu cha 40, kilichohusu mwenendo wowote unaodhuru utaratibu mwema na nidhamu ya kijeshi. Neno "wowote" ni gunia lisilojaa. Kutazama afisa vibaya kuliweza kutiwa humo, kunung'unika juu ya posho kuliweza kutiwa humo. Mwaka huo huo wa 1881 Uingereza ilifuta adhabu ya viboko katika jeshi lake la nchi kavu, ikiona kwamba haimfai mtu mwenye heshima. Lakini kwa askari Waafrika wa majeshi yake ya makoloni viboko viliendelea mpaka 1946. Miaka 65! Askari aliyerudi kutoka Burma, aliyemwona Mzungu akilia na kuogopa kama mtu mwingine, alikuwa bado mtu wa kulazwa chini na kuchapwa. Je, daftari la adhabu za jeshi la namna hiyo linatuonyesha tabia ya askari peke yake, au linatuonyesha pia tabia ya jeshi lenyewe?

Katika ukoo wetu kuna mkebe wa bati wenye kitabu cha mshahara cha babu mzaa baba. Ukurasa mmoja unaonyesha kwamba mwezi Agosti 1943 alikatwa mshahara wa siku kumi na moja kwa kutokuwapo kazini bila ruhusa. Wazee hawakupenda wageni wauone ukurasa huo. Nilipomwuliza shangazi, dada mkubwa wa baba, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Hizo ni siku za matanga ya mama yake. Alikuja kuzika." Basi fahamuni jambo hili: hakuna mtu katika ukoo aliyejua mama yule alifariki mwaka gani. Halikuandikwa kanisani, halikuandikwa bomani. Limehifadhiwa na adhabu ya mwanawe. Jeshi liliandika utoro, shangazi akasema mazishi. Tulipoviweka pamoja tukapata ukweli mzima, ambao hakuna upande uliokuwa nao peke yake.

Jambo lingine la kutafakari ni hili. Askari aliyetii siku zote amebaki namba na jina tu. Aliyekataa ndiye aliyeandikwa habari zake: alisema nini, alisimama wapi, mashahidi walikuwa nani. Katika faili la mahakama ya kijeshi ndimo sauti ya askari wa kawaida inamosikika, ingawa imepita katika kinywa cha mkalimani na kalamu ya mshitaki wake. Kwa mtafiti, daftari la makosa si lundo la uchafu. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mkoloni alilazimika kumwandika Mwafrika kama mtu mwenye nia yake.

Waingereza wenyewe wamewahi kurudi nyuma na kuyasoma upya madaftari ya aina hiyo. Sheria yao ya majeshi ya mwaka 2006 iliwasamehe askari zaidi ya 300 waliopigwa risasi katika Vita vya Kwanza kwa makosa kama utoro na woga. Ikiwa wao wameona kwamba hukumu ya jeshi si neno la mwisho juu ya mababu zao, kwa nini sisi tuifanye kuwa neno la mwisho juu ya mababu zetu?

TUSIPAKE CHOKAA

Lakini haki ina pande mbili. Sisemi kwamba kila aliyeadhibiwa alikuwa shujaa aliyepinga ubeberu. Wengine waliiba, wengine walilewa, wengine waliwadhulumu wanawake katika vijiji walimopita, na jeshi lilikuwa na haki ya kuwaadhibu. Wala kila aliyeandikwa mwenye mwenendo mwema hakuwa mwema kwa jirani zake. Askari waliochoma mashamba na maghala ya watu wa kusini wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wengi wao walikuwa Waafrika, na pengine vyeti vyao vilikuwa safi kabisa. Rais wa Ujerumani alikwenda Songea mwezi Novemba 2023, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake. Sisi tuna jambo letu la kuzungumza, kwa sababu katika nchi hii mjukuu wa aliyeshika bunduki ameoa mjukuu wa aliyenyunyiziwa maji, na watoto wao wanakaa darasani pamoja. Watoto hao wana haki ya kuwajua babu zao wote wawili, bila kufichwa na bila kutukanwa.

Mfano mzuri wa kazi ya namna hii tunao hapa hapa. Mzee Kleist Sykes alikuwa mtoto wa askari aliyeletwa na Wissmann. Yeye mwenyewe alikuwa askari wa Mjerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Na wanawe Abdulwahid na Ally walikwenda Burma na Keya. Kutoka katika nyumba hiyo ya askari alipatikana katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929, na baadaye waasisi wa TANU ya mwaka 1954. Tunazifahamu habari hizi kwa sababu mzee Kleist aliandika maisha yake kwa mkono wake, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichukua karatasi za babu akazifanyia kazi. Makala yake ikachapishwa katika kitabu mwaka 1973. Hakusubiri mgeni aje amwandikie babu yake. Na hakumfanya malaika: alimwandika kama mtu wa mjini aliyeishi chini ya mabwana wawili na kutafuta njia yake.

TUFANYE NINI?

Ndugu walimu na wanafunzi, nawaachia kazi tatu ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila mwanafunzi aulize nyumbani kwake, katika likizo ijayo, kama kuna mtu wa ukoo aliyekuwa askari au mpagazi. Aandike jina kwa namna zote linavyotamkwa, jina la baba, kijiji, cheo, na nchi alizozitaja. Aandike pia jina la aliyesimulia na tarehe.

Pili, karatasi zisitupwe wala zisichomwe, hata zile zenye maneno mabaya. Hizo hasa zisichomwe. Zipigwe picha, na nakala iwekwe shuleni. Mchwa hawachagui kati ya nishani na hati ya hukumu.

Tatu, mkipata habari za adhabu, zisomeni mkiwa na maswali manne: nani aliandika, kwa sheria gani, kosa lilikuwa nini kwa macho ya jeshi, na lilikuwa nini kwa macho ya nyumbani. Swali la nne ndilo ambalo hakuna hifadhi ya London wala ya Berlin itakayolijibu. Jibu lake liko kwa shangazi zenu na bibi zenu, na muda wa kuwauliza unapungua kila msimu.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mkoloni alimpa babu namba, akampa bunduki, akampa adhabu, kisha akamjengea sanamu isiyo na jina. Namba tunaweza kuitafuta, na adhabu tunaweza kuisoma. Jina ni letu kulirudisha.